Mdogo wangu anataka silinda nne, mimi nataka dagaa wafike Mwaloni

SWALI

Shikamoo fundi.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igombe, huku Ilemela, Mwanza. Kazi yangu ni dagaa na sato. Nanunua kwetu ziwani alfajiri, mzigo mkubwa unakwenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba, na sato wa oda wanapandishwa kwa wateja wangu wa Isamilo na Bugando. Pikipiki ni yangu, dereva ni mdogo wangu wa kiume, ana miaka 24. Tulianza na ya cc 100 iliyokwishatumika. Mwezi uliopita injini ilinoki katikati ya mlima wa Isamilo, matenga mawili yakiwa nyuma. Fundi ameifungua, anasema koni rodi (fimbo inayounganisha pistoni na krenki) imekula, krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) nayo haifai, gharama ya kuifufua haina maana.

Nilikuwa na akiba kidogo, kikoba nacho kimenikopesha. Hapo ndipo vurugu ilipoanza. Mdogo wangu ameona mjini Honda CB400 Super Four iliyotoka Japani, silinda nne, na mwenyewe anaiuza kwa bei ambayo nikijikaza naifikia. Anasema ile ya kwanza ilikufa kwa sababu ilikuwa ndogo, hii mlima haitausikia, na oda za Geita zikija atavuka daraja la Kigongo–Busisi na kurudi kabla jua halijawa kali. Shemeji yangu wa Sengerema anasema nichukue ya Kichina ya cc 125, zile za injini ya CG, hazifi. Mvuvi ninayenunua kwake ana Yamaha ya zamani ya tustroki (injini ya mipigo miwili) anataka kuniuzia, anasema nione mashine za mitumbwi zinavyovuta, ndiyo injini ya kweli. Vijana wa kijiweni wao wanasema Boxer 150 ya Bajaj, basi.

Mdogo wangu amenuna. Anasema simwamini na chombo. Namwamini, ila hela hii ikipotea sina nyingine. Injini ipi inafaa kazi yetu? Na nimweleze vipi anielewe?

Mama Dagaa, Igombe

JIBU

Marahaba mama, na pole sana kwa hasara. Kijana kushuka mlima ule salama na injini iliyokata ni jambo la kushukuru kwanza, mengine yanazungumzika.

Nianze na hiyo iliyokufa, maana msipojua imekufaje mtaiua na mpya. Mdogo wako anasema ilikufa kwa udogo. Nusu yake ni kweli. Injini ya cc 100 inaweza kupanda Isamilo na mzigo, ila kwa gia ya chini na kwa uvumilivu. Ninavyoona zinavyouawa ni hivi: dereva anauingia mlima na gia ya tatu ili asipoteze mwendo. Mzigo unamrudisha nyuma, mzunguko wa injini unashuka, naye badala ya kurudisha gia anafungua resi mpaka mwisho. Sauti inakuwa nzito, chini ya tangi unasikia ko-ko-ko. Hapo mlipuko unaipiga pistoni kwa nguvu zote huku krenki ikizunguka kwa kujivuta. Pampu ya oili inazungushwa na krenki hiyohiyo, kwa hiyo mzunguko ukishuka na oili inayosukumwa inapungua, wakati joto ndiyo kwanza linapanda. Beringi ya koni rodi ndiyo inayobeba yote hayo. Kama oili ilikuwa imeshakuwa nyeusi na nyepesi kama chai, mlima umemalizia tu kazi iliyoanza muda mrefu. Mwulize mdogo wako, bila ukali, alikuwa gia gani siku ile. Jibu lake litakusaidia kuliko ripoti ya fundi.

Sasa hiyo Honda ya silinda nne. Naomba usimwambie kwamba ameona takataka, kwa sababu ni moja ya pikipiki nzuri za kiasi chake. Honda ilianza kuiuza mwaka 1992 kwa ajili ya soko la Japani, ambako leseni ya pikipiki za kati inaishia cc 400, ndiyo maana za ukubwa huo ni nyingi kule na nyingine zinafika kwetu zikiwa zimetumika. Inatoa nguvu za farasi 53. Boxer 150 inatoa 12. Kwa hesabu hiyo kijana anaona kesi ameshashinda.

Mwulize hao farasi 53 wanakaa wapi. Wanakaa huko juu, kwenye mizunguko karibu 11,000 kwa dakika. Gawanya cc 399 kwa nne, kila silinda inapata cc 100 hivi, yaani ni injini nne za ukubwa wa ile iliyowafia, zimepangwa mstari mmoja kwenye krenki moja. Kipenyo cha silinda ni milimita 55, na safari ya pistoni kutoka chini hadi juu ni milimita 42 tu. Pistoni yenye safari fupi inaweza kupanda na kushuka haraka mno bila kujiumiza, kipenyo kipana kuliko safari kinaacha nafasi ya valvu nyingi, yaani milango ya kuingiza hewa na kutoa moshi (hii ina 16), na valvu nyingi zinaipa injini pumzi wakati wa mbio. Waliibuni hivyo makusudi. Ni injini ya mtu anayetoka mjini, anaikuta lami tupu, na anataka kusikia mlio ukipanda.

Ukitaka kumweleza kijana wa ziwani, mwambie aangalie wapiga makasia. Kuna anayevuta kasia refu, polepole, mtumbwi uliojaa nyavu unasogea. Kuna anayechovya kasia fupi haraka haraka, mtumbwi mtupu unaruka. Wote wana nguvu, ila huwezi kumpa wa pili mtumbwi uliolowa mzigo na kumwambia apige taratibu.

Nisimwonee, lakini. Hata kwenye mzunguko wa chini, cc 400 zina mvuto kuliko cc 150, hilo fundi mkweli hawezi kulikataa. Tatizo ni namna mvuto huo unavyofikishwa kwenye tairi. Gia za ile Honda zimepangwa kwa mwendo wa lami, gia ya kwanza ni ndefu. Ukisimama nayo katikati ya Isamilo na matenga mawili, ukitaka kuondoka itabidi uchezee klachi muda mrefu na resi iwe juu, na klachi itaungua. Yenyewe peke yake ina zaidi ya kilo 170 kabla hujaipakia kitu. Haina keria ya mzigo, na ukichomelea keria unaweka uzito mahali ambapo shokapu zake hazikutengenezewa. Tairi la nyuma ni pana na la lami. Mvua ikinyesha kwenye vile vipande vya vumbi vya huko kwenu, tairi hilo litateleza kabla hujajua. Inapozwa kwa maji na rejeta, na kwenye msongamano wa Mwaloni asubuhi, mwendo wa miguu, feni itawaka kila mara. Nyingi za zamani zina kabureta nne zinazotakiwa kuvuta sawasawa. Vumbi likiingia kwenye moja, injini inatetemeka na mafuta yanaliwa, na fundi wa kuzilinganisha humpati kila gereji. Siku kifaa kikivunjika utaagiza, na dagaa hawasubiri.

Hao vijana wa kijiweni, kwa mara hii, wanajua wanachosema, hata kama hawawezi kukueleza kwa nini. Boxer 150 ina silinda moja, mipigo minne, inapozwa kwa upepo. Kipenyo ni milimita 56 na safari ya pistoni ni milimita 58.8. Ona, safari ni ndefu kuliko kipenyo, kinyume kabisa na ile Honda. Injini za namna hii haziwezi kukimbia mizunguko mingi, zinaishiwa pumzi mapema. Lakini silinda nyembamba kwa urefu wake na valvu zisizo kubwa zinafanya hewa na mafuta viingie kwa kasi hata mzunguko ukiwa wa chini, silinda inajaa vizuri, mlipuko unakuwa mzito. Mvuto wake mkubwa unaupata kwenye mizunguko kama 5,000 kwa dakika, na hapo ndipo mdogo wako anaposhinda siku nzima: Igombe, uwanja wa ndege, Kirumba, mlimani, kurudi. Injini inayofanya kazi katikati ya nguvu zake inakaa. Inayolazimishwa kufanya kazi chini yake au juu yake, haikai.

Kuna jambo jingine ambalo waendeshaji wa matope wanalijua kwa makalio yao. Silinda moja ya mipigo minne inalipuka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Ile ya silinda nne inalipuka mara nne katika muda huohuo. Kwenye lami, milipuko ya karibukaribu ni raha, pikipiki inateleza kama haina injini. Kwenye tope la mbuga, lile jeusi la kwenda Magu na Kwimba linaloziba matairi, ile nafasi kati ya mlipuko na mlipuko inalipatia tairi muda wa kushika chini tena. Kijana akishapita humo na silinda moja anaelewa bila kufundishwa.

Pikipiki ya TVS HLX 150 iko kundi hilohilo. Sitakuchagulia kati ya hizo mbili. Angalia duka la spea lililo karibu nawe lina vifaa vya ipi kwa wingi, na fundi wenu anaifahamu ipi zaidi.

Shemeji yako wa Sengerema naye hajakosea, anazungumzia kazi nyingine. Injini ya CG ilibuniwa na Honda miaka ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inabebeshwa sana na kuhudumiwa kidogo. Viwanda vya China vikaiga, ndiyo hizo za cc 125 zilizojaa mikoani. Siri yake ni kwamba kemshafti (mhimili wenye kemu zinazofungua valvu) haiko juu kwenye hedi, iko chini karibu na krenki, inazungushwa na gia, na fimbo mbili nyembamba ndizo zinazopanda kusukuma valvu. Hakuna taiming cheni, ile ya kuzungusha kemshafti, ya kurefuka na kugonga. Mtu akisahau oili, akipita kwenye vumbi bila kusafisha chujio, injini hiyo inamvumilia kuliko nyingine. Kurekebisha valvu ni spana na dakika chache chini ya mwembe. Safari yake ya pistoni ni fupi kuliko kipenyo, milimita 49.5 kwa 56.5, na bado inavuta vizuri chini kwa sababu kemu na valvu zake zilipangwa kwa upole. Kwa hiyo usidhani urefu wa safari peke yake unaamua kila kitu. Kwa mwalimu wa kijijini, kwa mkulima wa Buchosa mwenye gunia moja la mahindi, ningesema hiyo hiyo. Kwa matenga mawili na Isamilo kila siku, cc 125 itakuwa inafanya kazi kwenye ukingo wa uwezo wake, na mtarudi palepale mlipokuwa. Halafu zinazoigwa hazifanani: nyingine chuma chake ni kizuri, nyingine bloku inaisha upesi.

Tustroki ya mvuvi, iache. Namwelewa anapoisifia. Injini ya mipigo miwili inalipuka kila mzunguko wa krenki, kwa hiyo kwa ukubwa uleule inatoa nguvu nyingi na ni nyepesi, na haina valvu za kusumbua. Kwenye mtumbwi inafaa kabisa: resi moja tangu nchi kavu hadi kwenye nyavu, na maji ya ziwa yanaipoza muda wote. Pikipiki yenu haiishi hivyo. Inasimama, inaondoka, inapanda, inashuka. Na kushuka ndiko kunakonitia hofu. Tustroki inalainishwa na oili inayoingia pamoja na mafuta. Ukifunga resi kwenye mteremko mrefu kutoka Bugando, oili inayofika kwenye pistoni inakuwa kidogo mno huku injini bado inazunguka. Pia injini hiyo haikushikilii mteremkoni kama inavyokushikilia ya mipigo minne ukirudisha gia. Kwa mzigo wa samaki nyuma, breki peke yake hazitoshi. Ongeza ulaji wa mafuta, maana sehemu ya mafuta mabichi inatokea kwenye ekzosi kabla ya kuungua, na oili ya kununua kila siku. Faida yako ya dagaa itaishia humo.

Nikigusa na nyingine kidogo, maana najua mdogo wako atauliza. Zile BMW zenye silinda mbili zilizotoka nje kama mabega, moja kulia moja kushoto, ambazo wasafiri wanapita nazo kuelekea Serengeti, ni za muundo ambao kampuni hiyo imekuwa ikiutumia tangu 1923. Silinda zinapigwa na upepo zote mbili, uzito unakaa chini, mtu anasafiri nchi nzima bila kuchoka. Harley-Davidson wana silinda mbili zilizopandana kama herufi V, mvuto mkubwa chini, lakini ni za barabara ndefu iliyonyooka na mfuko mrefu vilevile. Hizo aziangalie zikipita.

Kuhusu Geita, hapo mdogo wako ana hoja ya kweli na naomba umsikilize. Daraja lilipofunguliwa Juni 2025, ule muda wa kusubiri kivuko Kigongo uliisha, na biashara ya ng'ambo ile imekuwa karibu. Kwenye lami ndefu, silinda moja inatetemesha. Baada ya muda mikono inakufa ganzi, na ukiiendesha resi mwisho kwa saa nzima unaifupishia maisha. Silinda nne ingemfikisha akiwa amepumzika. Lakini jiulizeni safari hiyo ni mara ngapi. Kama ni oda ya mara mojamoja, aende na ile ya 150 kwa mwendo wa wastani, apumzishe injini Sengerema kwa shemeji, wanywe chai. Kama oda zikikua ziwe za kila siku, sato wanahitaji barafu na boksi kubwa, na hapo hata CB400 haikusaidii, mtaanza kuulizana kuhusu gari.

Kwa hiyo nunua ya cc 150 ya silinda moja, mpya kama hela inatosha. Hela itakayobaki ukilinganisha na Honda usiiguse, ndiyo ya tairi, cheni na oili.

Ukishainunua, fanyeni jambo moja ambalo wengi hawalifanyi. Fungueni kifuniko cha sproketi ya mbele, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, mhesabu meno. Ikiwa ni 14, muulizeni fundi kama ya 13 inapatikana. Jino moja hilo linaongeza mvuto kwenye tairi kwa karibu asilimia 8, na mwendo wa juu unapungua kwa karibu asilimia 7, ambao kati ya Igombe na Kirumba hamuuhitaji. Kwa safari ya Geita mnaweza kurudisha ya zamani. Ni kazi ndogo kwa fundi, na inaleta tofauti kubwa mlimani kuliko maneno yote ya kijiweni. Oili abadilishe kila kilometa 2,000, asingoje iwe nyeusi. Chujio la hewa alipige upepo kila wiki kwa sababu ya vumbi. Na chini ya matenga wekeni karai au turubai gumu, maji ya samaki yasidondokee cheni na shokapu, yanakula chuma upesi sana.

Sasa la mdogo wako. Kijana wa miaka 24 anayebeba matenga ya dada yake kila alfajiri, akipita na pikipiki iliyochoka mbele ya wenzake, ana haki ya kutamani kitu kizuri. Usimjibu kwa kumwambia hana akili, wala usinitumie mimi kama fimbo. Kabla hujatoa hata shilingi, mwombe aazime Boxer 150 ya mwenzake kijiweni kwa nusu siku, mjaze mafuta, mfunge matenga yenu mawili kama kawaida, apande Isamilo gia ya pili tangu chini. Asimame katikati makusudi, kisha aondoke. Halafu aende kwa yule mwenye Honda aombe kufanya vivyo hivyo, na matenga yakiwa juu. Nadhani mwenye Honda atakataa, na kukataa kwake kutamweleza mdogo wako mengi. Akikubali, basi ajaribu, na umsikilize akirudi.

Na kuhusu kuaminiana, mpe sehemu yake. Wengi hapa Mwanza wanampa dereva pikipiki kwa mkataba, analeta hesabu kila siku, na baada ya muda mliokubaliana chombo kinakuwa chake. Wewe unaweza kufanya hivyo na ndugu yako wa damu, kwa masharti laini kuliko ya tajiri wa mjini: miezi mliyoandikiana, na kila hesabu iandikwe kwenye daftari. Akijua kwamba injini hiyo siku moja ni yake, mlima ataupanda na gia ya pili bila kuambiwa. Mpaka siku hiyo ifike, kadi ya pikipiki iwe na jina lako, na uitunze mwenyewe.